Nilimpiga Picha Mama Mkwe Akifyonza Mfupa

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usipoteze muda ukitafuta wa kulaumu. Mimi mwenyewe nimeshatafuta kila mahali, hadi kwa mpishi, nikakosa.

Jina langu liache. Mimi ni Mkenya, Mbukusu wa upande wa Bungoma, mlinzi hapa Doha. Nasimama mlangoni pa jengo moja la maduka Al Sadd, nimevaa sare na tai, nikiwafungulia watu mlango ambao kwa kweli wangeweza kuufungua wenyewe. Kulala nalala Industrial Area, chumba kimoja na wanaume wanaokoroma kila mmoja kwa lugha yake.

Nilikuwa na mchumba. Ndiyo, nilikuwa! Anaitwa Nekesa, keshia wa supamaketi hapo hapo Al Sadd, msichana mwenye akili na mdomo wa kututosha sote wawili. Tulikuwa tufunge ndoa Desemba, tukienda likizo. Wazee walishaonana, ng'ombe walishatajwa, na kundi la WhatsApp la kamati ya harusi lilishafunguliwa, lile ambalo watu huahidi hema na viti halafu wanapotea.

Mama yake Nekesa naye yuko hapa hapa Doha. Ni mpishi wa familia moja kule Muaither, miaka mingi sasa, na ndiye aliyemleta bintiye. Hapo ndipo palipo na shida, na kama wewe si mtu wa kwetu nisikilize vizuri.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Hampeani mkono. Akija kwa njia hii, wewe unakumbuka shughuli kwa njia ile. Na zaidi ya yote, hamwonani mkila! Mkwe kumwona mama mkwe akitafuna ni aibu ya wote wawili na ya ukoo mzima, mpaka siku shughuli zake zitakapofanywa nyumbani mbele ya wazee. Kwa hiyo Mama na mimi tulikuwa tukisalimiana kupitia simu ya Nekesa, kila mmoja akisema, "Mwambie nimemsalimia."

Mimi nilikuwa nikiicheka hiyo mila. Niliwaambia wenzangu chumbani kwamba hayo ni mambo ya wazee waliokosa televisheni.

Halafu kampuni ikanipa vocha. Nilikuwa nimemrudishia mama mmoja mkoba aliousahau kwenye kiti, wakubwa wakafurahi, wakanipigia makofi na kunikabidhi karatasi ngumu inayong'aa: chakula cha mchana cha Ijumaa, watu watatu, meza moja, katika mgahawa wa hoteli ya kifahari. Vyakula vya Kiingereza vya kisasa, ndivyo ilivyoandikwa. Sikujua kwamba chakula cha Kiingereza kina cha zamani na cha kisasa. Cha zamani nilikila shule ya bweni, kabichi iliyochemshwa mpaka ikakiri makosa yake yote.

Mgahawa wenyewe wanauita braseri. Mganda wa kitanda cha juu aliisoma ile vocha kwa sauti, akasoma vibaya, "brazia", na chumba kizima kikaamini kwamba kampuni imenialika kula ndani ya sidiria. Walinicheka wiki nzima. Mimi nilijiona nimefika.

Watu watatu! Mimi, Nekesa, na nani? Nikamwambia Nekesa tumwalike Mama.

"Wewe una wazimu," Nekesa akasema. "Mama akae na wewe mezani? Ale?"

"Hapa ni Doha, Nekesa. Mila ni ya wazee wa Bungoma. Haina viza."

Nilibembeleza. Nilisema Mama amepikia watu miaka yote hiyo, acha na yeye apikiwe siku moja. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomlainisha Nekesa. Ukweli mwingine sikuutaja. Nilitaka picha za kutuma kwenye kundi la harusi, ili wajomba zake waache kuniuliza kama ulinzi ni kazi ya kuoa nayo.

Mama alikataa. Akakataa tena. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba atakaa meza yake na sisi yetu.

Ijumaa ile alikuja amevaa gauni la kanisani na kitambaa cha kichwa cha zambarau, mkoba ameukumbatia kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Aliponiona akageuka upande. Nami nikageuka upande. Tuliingia hotelini hivyo, Nekesa katikati, kama askari na wafungwa wawili waliogombana.

Aliyetupokea alikuwa dada wa Kitanzania, mpole kupita kiasi. "Shikamoo mama. Karibuni sana. Karibu kaka."

"Marahaba, mwanangu," Mama akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Nekesa akamweleza habari ya meza mbili. Yule dada akaisoma vocha, akakunja uso.

"Samahani jamani, vocha inasema meza moja. Mkitengana, ile ya pili itabidi mlipie wenyewe."

Mimi nilitazama bei kwenye menyu. Sitazitaja. Nilizitazama tu, nikageuka kuwa mtu wa maendeleo papo hapo!

"Mama," nikasema, nikiangalia ukuta, "tafadhali. Tukae tu pamoja. Hakuna mtu wa nyumbani hapa."

Watu wa meza za jirani walishaanza kututazama, Wazungu na Waarabu na watoto wao, maana tulikuwa tumesimama kati ya viti kama watu waliopoteza ufunguo. Yule Mtanzania ndiye aliyepata wazo. Pale mlangoni palikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki vyakula vya siku ile. Akauleta, akausimamisha katikati ya meza yetu.

"Je, hivi itafaa? Mama atakuwa huku, kaka utakuwa huku."

Haki ya Mungu, niliona Mama akikaribia kucheka! Akaketi. Mimi nikaketi upande wangu nikitazama maandishi ya chaki, na juu yake kidogo niliona kilele cha kile kitambaa cha zambarau. Nekesa akakaa pembeni, akiwa ndiye pekee mwenye kuona nchi zote mbili.

Kabla chakula hakijaja, Mama akasema kutoka ng'ambo, "Nekesa, mwambie mwenzako hivi. Nimeketi hapa kwa sababu ameniomba. Nitakula kwa sababu namwamini. Lakini hii ibaki hapa hapa. Nyumbani isisikike."

"Mwambie Mama," nikajibu, "haitasikika."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Ningali naikumbuka sauti yangu, laini, ya mtu mwaminifu kabisa.

Sasa chakula. Jamani, chakula! Mwingereza alitutawala miaka yote ile, na wakati wote huo alikuwa na njaa, mimi nimeshaelewa. Yai moja la kuchemsha limevishwa koti la nyama ya kusaga na kukaangwa, limekatwa katikati, tugawane watu watatu. Chipsi zimepangwa kwa uangalifu kama matofali, mtu alizijenga, huenda alitumia pima maji. Nyingine zililetwa kwenye kikapu cha waya. Nyama ikaja juu ya kigae cheusi cha paa. Nilimuuliza Nekesa kama sahani zimeibwa, au kama paa la mahali fulani linavuja kwa ajili yetu.

Minji ilikuwa imepondwa mpaka ikawa rangi ya ukutani. Kando yake mchuzi umepakwa kwa brashi, mstari mmoja, mpakaji akachoka akaenda nyumbani. Na wanaita kisasa!

Mama alikuwa akiisoma menyu polepole na kumuuliza yule dada maana yake. "Hii ni nini, mwanangu?"

"Hiyo ni pai ya mchungaji, mama. Nyama ya kondoo ya kusaga, juu yake viazi."

"Hata huku mchungaji ana fungu lake?" Mama akashangaa. "Lakini ni viazi. Wa kwetu hangekubali, angeuliza kuku yuko wapi."

Nekesa akacheka hadi akashika tumbo. Yule Mtanzania akacheka. Hata mimi nilicheka nyuma ya ubao wangu, na kwa muda mfupi pale tulikuwa familia. Nataka ulijue hilo, ndipo uelewe nilichokivunja.

Halafu ukaja mfupa.

Ni mfupa wa ng'ombe uliopasuliwa na kuchomwa, na ndani yake uboho unachemka, unaletwa na vipande vya mkate na kijiko chembamba. Kwenye menyu waliueleza kwa maneno mengi. Kwetu ni mfupa tu, na mfupa tunajua la kuufanyia. Nikasikia Mama akimwambia yule dada kwa upole, "Kijiko rudisha."

Kisha nikasikia ule mfyonzo. Mrefu, wa raha, wa mtu aliyewapikia wengine nyama miaka na miaka na kuupeleka uboho kwenye sahani za wenyewe.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti. Hapana, nimesema kosa ni langu, shetani alikuwa kwake. Ni mimi niliyetoa simu. Niliinua mkono juu, kama ninayejipiga selfi, nikaugeuza ule uso wa simu upande wa pili wa ubao, nikabonyeza.

Nekesa alikuwa amegeuka kuomba maji. Hakuona.

Picha ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Mama ameshika mfupa kwa mikono yote miwili, amefumba macho, mashavu yameingia ndani, kidevu kinang'aa kwa mafuta. Kitambaa kimemteleza nyuma ya sikio. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu yeyote hapa Doha siku ya Ijumaa, na siku nyingine ndiyo kabisa.

Nikaituma kwenye kundi la harusi. Nikaandika chini yake, "Mama mkwe amekutana na Mwingereza! Mfupa umesalimu amri!"

Kwa nini? Usiniulize. Nimejiuliza vya kutosha. Nadhani nilitaka watu wacheke na mimi. Marafiki zangu walicheka kweli, zile sura za manjano zenye machozi zikajaa. Nikaweka simu mezani nikala chipsi, nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Kisha mjomba wake mkubwa Nekesa, ndugu wa Mama, akaandika sentensi moja.

"Aliyeshika simu alikuwa ameketi wapi?"

Wuui! Sura za manjano zikakauka. Hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye picha. Pembeni ulionekana ukingo wa ubao, na vidole vya mkono wangu wa pili vikiushika, na saa yangu ambayo kijiji kizima kinaijua. Mjomba akatoka kwenye kundi. Shangazi akatoka. Wakaanza kutoka mmoja mmoja kama watu kanisani mhubiri anapoanza kuomba mchango. Nikaifuta ile picha, lakini picha ikishaingia kwenye simu za Bungoma imeota mizizi.

Simu ya Mama ikalia mkobani mwake tukiwa bado mezani. Alisikiliza. Hakusema chochote ila, "Ndiyo. Ndiyo, dada. Ni mimi."

Akakata simu. Nikaona kitambaa cha zambarau kikishuka, kisha nikaona mkono ukitoka kando ya ubao na kuweka ule mfupa juu ya sahani, taratibu, bila kugongesha. Akajifuta kidevu. Akamshukuru yule dada wa Kitanzania, akamwambia chakula kilikuwa kizuri, akaondoka. Kitamu cha kumalizia mlo hakikuwa kimefika. Kilipofika kilikuwa keki iliyochemshwa, na hakuna aliyeigusa.

Nekesa hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

Sasa nisikilize, maana hadi hapo bado ningeweza kuokoka. Mjomba alidai kondoo dume wa kuosha aibu. Sawa, kondoo wapo. Lakini Mama alisema yeye hataki kondoo. Alituma neno kwa Nekesa: niende Muaither Ijumaa inayofuata, nisimame getini kwa mwajiri wake, niseme nimekosa, asikie kwa masikio yake. Basi. Baada ya hapo harusi iendelee.

Kitu kidogo namna hiyo! Basi la kampuni hadi mjini, teksi hadi Muaither, maneno mawili, kurudi.

Niliogopa. Nilifikiria vile atakavyonitazama. Nilimfikiria dereva wa ile nyumba, Mkenya mwenzangu, akisimama kando akisikiliza ili akawaeleze wengine. Nilijiona mdogo mno. Na unajua nilimjibuje Nekesa?

Nilimwambia, "Siwezi kwenda. Mila hairuhusu mkwe kusimama uso kwa uso na mama mkwe."

Ndiyo. Mimi! Mimi wa mila haina viza!

Tulikuwa tumesimama nyuma ya supamaketi, mahali wanapotupa maboksi.

"Ati nini? Rudia."

"Ni heshima tu, Nekesa. Nitatuma mtu. Nitatuma sauti kwa WhatsApp."

"Ijumaa ulimketisha Mama mezani ukasema mila ni ya Bungoma. Leo imepata viza, imepanda ndege, imekufuata wewe?" Akalisukuma boksi moja kwa mguu. "Mama hajakasirika kwamba ulimwona akila. Ulimwomba, akakubali, mkaelewana ninyi wawili. Ameumia kwa sababu uliwaita watu waje kumwona. Na sasa unaogopa kwenda kumwambia pole? Mama yangu alivunja mila kwa ajili yako. Wewe unashindwa kuivunja kwa ajili yake?"

Nikasema, "Nipe muda."

"Khalas," Nekesa akasema.

Wanaokaa Ghuba wanalijua hilo neno: imekwisha, basi. Unaweza kuambiwa khalas na muuza sambusa na maisha yakaendelea. Nekesa aliposema khalas, alifungua mlango wa nyuma, akarudi kwenye kaunta yake, na nilipompigia jioni namba yangu ilishafungiwa. Desemba ilikuja na kupita. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa kabla ya harusi!

Nilituma ile sauti kwa Mama. Ilikuwa ndefu, yenye mistari ya Biblia. Alama za bluu zikaonekana, akawa ameisikiliza. Hakujibu.

Nikajiambia ipo siku nitakwenda Muaither. Ijumaa hii nina zamu. Ijumaa ile kuna joto. Kila juma nilikuwa na sababu nzuri, na zote zilikuwa na afya kuliko mimi.

Sasa mwisho wake. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye lindo langu, mchana, watu wengi. Nikamwona Mama akija na mifuko miwili mizito, ametumwa dukani. Hakunikwepa. Hakugeuka upande kama zamani, hakutafuta njia nyingine. Alikuja moja kwa moja hadi mlangoni, na macho yake yakapita kwenye kibao cha jina langu kifuani, yakapanda hadi usoni, yakakaa hapo.

Nikafungua mlango. Mdomo wangu ulifunguka pia. Maneno yale mawili nilikuwa nayo, yako tayari, nimeyafanyia mazoezi kitandani hadi yule Mganda wa juu anayajua. Hayakutoka! Nilisimama nimeshika mlango kama msumari uliogongewa hapo.

Mama akaniambia, "Shukran."

Kwa Kiarabu. Kwa adabu. Kama anavyomwambia mlinzi yeyote wa mlango wowote katika mji huu. Akapita.

Basi wewe unayesoma haya, pengine umejificha chooni kwenye kampuni ya watu na simu mkononi, sikia. Usiogope kula na mkwe, hilo mtajuana na wazee wenu. Usiogope hata chakula cha Mwingereza, hakijai tumbo kiasi cha kudhuru. Ogopa hicho kidole kinachotaka kubonyeza. Na ukishabonyeza, usijifanye ghafla mtunza mila. Funga kamba za viatu uende ukaseme pole kwa mdomo, hata kama miguu inagoma, hata kama dereva anasikiliza.

Mama mkwe akikukwepa, furahi, bado anakuhesabu mkwe. Akikutukana, furahi zaidi. Ogopa siku atakayokutazama usoni mchana kweupe, bila aibu yoyote, akakuambia asante.